Amri Moja, Mizigo Tofauti
Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili hazikuisha kabla ya shule kufungwa na kafyu ya usiku kutangazwa. Amri zilikuwa za wote, lakini uchungu wake haukugawanyika sawa. Wenye mishahara waliweza kufanyia kazi nyumbani. Wachuuzi na vibarua wa Kibera na Mathare, mitaa ya mabanda ya Nairobi, wanaokula wanachochuma siku hiyo, walipoteza riziki. Huko, kunawa mikono kulihitaji maji ya kununua kwa mtungi. Masomo ya redio na intaneti yaliwaacha nyuma watoto wasio na umeme wala simu. Serikali ilianzisha mpango wa Kazi Mtaani kuwapa vijana vibarua vya usafi. Sera ya afya huwalinda wanyonge pale tu inapoambatana na chakula, maji na kipato.