Viraka vya Nyumba Tatu

Ndugu zetu wa Louisville, Columbus na Buffalo, mwaka huu nimeombwa nieleze habari ya mablanketi yetu ya viraka na ubishi wake wa rangi.

Wenyeji wa Kentucky ni mafundi wa viraka tangu zamani. Mwaka 1981 ulianza hapa Louisville mradi wa kuorodhesha mablanketi ya kale ya jimbo zima. Mengi yana uwanja mweupe. Mimi nyeupe sitaki, kwangu ni rangi ya sanda. Nataka buluu iliyokolea. Dada wa Columbus ni mtu wa kikwembe: machungwa na kijani, maua makubwa, na maua hayo hakubali yakatwe. Wifi wa Buffalo hudai nyekundu, asema theluji imemchosha macho. (Nyekundu ifuliwe peke yake kwanza, la sivyo itachuja na kuchafua jirani zake.)

Kazi ilikuwa doti ya marehemu mama, aliyoinunua Kasulu tulipokuwa kambini Nyarugusu. Dada alitaka ikatwe yote, kila mjukuu apate. Wifi akakataa katakata: maneno ya mama hayakatwi. Siku tatu simu hazikupokelewa. Mwisho tukakubaliana mji na pindo vikatwe, jina libaki zima.

Lakini doti ina majina mawili, na nyumba ni tatu. Moja limeshonwa katikati ya blanketi la Columbus, la pili liko Buffalo. Mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa, nimechukua pindo, nikalizungushia buluu yangu.