Grafu Inayochorwa Hatua kwa Hatua



Kamati ya tawi inapodai juu ya saa za kazi, mara nyingi mwajiri hujibu kwa wastani wa mwaka. Tuangalie wastani huo. Tuseme katika karakana moja watu wamefanya kazi saa 44 kwa wiki muda wa wiki 40, na saa 60 kwa wiki muda wa wiki 12. Wastani wa wiki zote 52 haufiki 48. Hapo mwajiri atasema hakuna tatizo, kumbe kwa karibu miezi mitatu watu wamekamuliwa. Mkataba Na. 1 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kwa viwanda kiwango cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki.

Grafu hufichua jambo hili. Iko programu ya kompyuta iitwayo Gnuplot, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1986. Haina malipo.

Kwanza, toeni hesabu katika daftari la zamu, mziandike katika faili la maandishi matupu, kwa mfano saa.txt. Kila wiki ipewe mstari wake: namba ya wiki, nafasi, kisha saa.

1 44
2 44
3 60

Majina ya watu yasiandikwe. Wiki isiyo na hesabu msiipe 0, wala msibahatishe. Mstari wake uanze na alama ya #, na programu itauruka.

Pili, ipeni programu amri hizi:

set xrange [1:52]
set yrange [0:80]
do for [i=1:51] {
plot "saa.txt" every ::0::i with lines, 48
pause 1
}

Amri mbili za kwanza hufunga vipimo vya grafu. Bila hizo, vipimo vitabadilika kila hatua na macho yatadanganyika. Amri ya tatu huagiza kazi irudiwe. Ya nne huchora kuanzia wiki ya kwanza hadi ile iliyofikiwa. Programu huhesabu kuanzia 0, ndiyo maana mstari wa 52 ni namba 51. Ile 48 ya mwisho huchora mstari wa kiwango. Kama mapatano yenu yana kiwango kingine, andikeni hicho. Amri ya tano husimamisha mchoro sekunde moja kila hatua.

Faida yake mkutanoni ni kwamba kila mtu huona mstari ukikua, na wiki ile unapovuka kiwango, wanachama wataweza kueleza: oda kubwa iliingia, au wenzetu walipunguzwa kazini. Hapo kamati inajua la kuuliza.

Kila mwisho wa wiki ongezeni mstari mmoja katika faili. Daftari la zamu litunzwe na wafanyakazi wenyewe, kwani grafu haiwezi kuwa ya kweli kuliko daftari lake.