Saa katika Mikutano ya Madaktari kwa Intaneti
Daktari wa Kawe aandaaye mkutano wa madaktari wenziwe kwa njia ya intaneti hana budi aanze na neno saa. Mswahili huhesabu saa za mchana tangu mapambazuko na za usiku tangu magharibi. Mitambo huhesabu tangu usiku wa manane. Hivyo tangazo lisemalo "saa 2" tu laweza kufahamika kwa njia nne, na bingwa wa London akikosa kufika, mgonjwa aliyekusudiwa kujadiliwa hubaki bila shauri. Yafaa liandikwe: "saa 2 usiku, yaani 20:00, saa za Afrika Mashariki." Huko London ni 17:00 majira ya baridi, 18:00 majira ya joto, maana Waingereza husogeza saa zao, sisi hatusogezi. Kuandika 20:00 peke yake hakutoshi. Watu wa Kawe huagana kwa saa ya Kiswahili.