Sura ya 6: Rangi ya Kioo na Nguvu ya Mashine

Kuanzia Bwera hadi Hamukungu, magharibi mwa Uganda, kila penye kompyuta na watu wanaoitegemea, nakutana na imani zilezile tatu. Ya kwanza, kwamba Windows ya zamani ikivalishwa sura ya Windows 11 inakuwa mashine mpya. Ya pili, kwamba kioo kikigeuka cheusi ghafla, kirusi kimeingia au mwenye kijicho ametia mkono wake. Ya tatu, kwamba rangi nyeusi inatunza betri. Imani hizi zinawapotezea watu pesa, na mara nyingi zinawapotezea kazi ya miaka, ndiyo maana nimezitengea sura nzima.

Tuanze na ya kwanza. Mvuvi wa Hamukungu hahitaji kufundishwa kwamba kupaka mtumbwi rangi hakuongezi nguvu ya injini. Rangi, aikoni, picha ya nyuma na umbo la madirisha ni tabaka la juu la mfumo. Kazi ya kugawa kumbukumbu na kusoma diski inafanyika chini kabisa, na huko haijulikani kama umeweka picha ya Rwenzori au ya gari. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuja na rangi tatu: bluu, kijani cha zeituni na fedha. Ilikubali tu mitindo iliyotiwa saini na Microsoft. Aliyetaka mtindo mwingine alilazimika kuondoa faili la mfumo liitwalo uxtheme.dll na kuweka lingine lililochezewa na mtu asiyemjua. Yaani alivunja ulinzi wa mashine yake kwa ajili ya rangi.

Wapo pia mafundi wanaofanya kinyume: wanazima urembo wote na kuahidi kasi. Tufanye hesabu. Zamani, programu ilichora moja kwa moja kwenye kioo. Windows Vista ya mwaka 2007 ilileta utaratibu mwingine: kila dirisha linachorwa kwanza pembeni, kwenye kumbukumbu, kisha programu moja inayaunganisha yote na kuyaonyesha. Dirisha linalojaza kioo cha nukta 1366 kwa 768, kwa baiti 4 kila nukta, linachukua takriban megabaiti 4. Madirisha kumi ni megabaiti 42 hivi. Kwenye RAM ya gigabaiti 2, hiyo ni kama asilimia 2, na ukurasa mmoja mzito wa intaneti unaweza kula zaidi ya hayo yote. Kuzima miondoko ya madirisha kunaokoa sehemu ya sekunde. Mashine nzito inataka RAM zaidi, au SSD badala ya diski ya kuzunguka.

Kioo cheusi kinastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia. Mteja anafika amekumbatia laptopu: "Fundi, jana palikuwa na picha ya watoto wangu, leo ni giza tupu. Wamenifanyia." Fundi asiyejua anaiformati palepale, na orodha ya mikopo ya kikundi inakwenda na maji. Kumbe alitakiwa kutazama kioo kwa dakika moja tu.

Tazama pembe ya chini, kulia. Kama kuna maneno madogo ya Kiingereza yanayosema nakala hii ya Windows si halali, huo ni ukaguzi wa leseni. Mwaka 2008 Microsoft ilianza kugeuza picha ya nyuma kuwa nyeusi kila baada ya saa moja kwenye nakala za XP na Vista zilizoshindwa ukaguzi, na Windows 7 ikaendeleza mtindo huo. Unarudisha picha, saa ikipita inapotea tena. Faili zako hazijaguswa hata moja. Dawa ni leseni halali, au kuhamia mfumo wa bure kama Ubuntu, unaopatikana tangu mwaka 2004.

Kama maneno "Safe Mode" yanaonekana kwenye pembe zote nne, mashine imewaka katika hali ya usalama, isiyopakia picha ya nyuma. Izime kisha uiwashe upya, na mara nyingi picha itarudi.

Kama maandishi nayo yamebadilika, mengine meupe, mengine ya manjano, basi mtoto amebonyeza Alt na Shift za kushoto pamoja na Print Screen, kisha akakubali swali lililojitokeza. Hiyo ni mandhari ya watu wenye uoni hafifu. Bonyeza vitufe hivyohivyo tena, kila kitu kitarudi mahali pake. Mganga hana kazi hapo, na fundi hastahili kulipwa hata shilingi.

Imani ya tatu ni fupi. Kwenye kioo cha OLED, kila nukta inatoa mwanga wake, hivyo nukta nyeusi inapumzika. Laptopu nyingi tulizo nazo ni za LCD: taa iliyo nyuma ya kioo inaendelea kuwaka hata ukiweka weusi mtupu. Anayechaji kwa sola apunguze mwangaza. Hapo ndipo atakapoona tofauti.

Sisemi kwamba sura ya kompyuta haina maana. Ina maana kubwa kwa macho na akili ya anayeitumia. Mama mwenye duka asiyeona vizuri akiongezewa ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 atafunga hesabu zake mwenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya kazi za ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Uwezo wa mashine ulibaki uleule, ila mlango ulifunguka kwa watu waliokuwa wamefungiwa nje na Kiingereza. Badilisha sura kwa ajili ya mtu, kamwe si kwa kutarajia mashine ipate nguvu.

Basi kioo kikibadilika, nakili kwanza faili zako kwenye flashi. Kisha muulize fundi wako: hii ni mandhari, ni leseni, au ni diski? Asipoweza kukujibu, usimwachie mashine.