Kabati la chatu na joto la Koboko

Ukiingia kwenye nyumba ya mfuga nyoka Marekani au Ujerumani, huenda usimwone nyoka hata mmoja. Utaona kabati lenye droo za plastiki, moja juu ya nyingine, na nyaya zimepita kwa nyuma. Ndani ya kila droo kuna chatu wa kifalme, Python regius, ambaye hufugwa huko kwa wingi kuliko chatu wengine. Kwao hasa ni Afrika: kuanzia Senegal, kupitia Ghana, Togo, Benin na Nigeria, hadi Sudan Kusini na pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, yaani upande wa Arua na Koboko. Kwa hiyo mtu wa Koboko anayeuliza namna ya kuunda kabati la aina hiyo na kulipasha joto anaweza kuanzia kwenye kichuguu kilicho nyuma ya shamba lake la mihogo.

Nyoka huyu ni mfupi kwa chatu, mita moja hadi moja na nusu, na hana sumu. Akishtuka hujiviringisha, kichwa akakificha katikati. Mchana kutwa hulala ndani ya shimo la panya au kichuguu kilichohamwa na mchwa, usiku hutoka kuwinda. Shimo hilo humpa giza, kuta zinazomgusa mwilini, unyevu kidogo, na juu ya yote joto lisiloyumba, kwa sababu jua likipiga nje udongo wa chini huchelewa kupata moto, na usiku huchelewa kupoa. Tena akisogea kidogo kuelekea mlangoni anapata joto zaidi, akirudi ndani anapoa. Nyoka hana moto wake mwilini kama sisi. Huusaka kwa kuhama. Kabati lisilompa nafasi ya kuhama, hata liwe na mitambo ya gharama namna gani, ni jela.

Kwa nyoka mzima, droo iwe na urefu wa sentimita 80 hivi, upana wa 40 na kina cha 15. Mafundi wengi wa Ulaya hutumia ndogo zaidi, nami sikubaliani nao: nyoka ambaye hawezi kunyoosha hata sehemu kubwa ya mwili wake amebanwa, waseme watakavyo kwamba anapenda pembamba. Droo hizi hazina vifuniko. Rafu ya juu ndiyo kifuniko cha droo iliyo chini yake, na hapo ndipo kazi ya seremala inapopimwa. Nafasi kati ya ukingo wa droo na rafu isizidi milimita 2 au 3. Chatu mchanga akipata upenyo wa kupitisha kichwa, mwili wote utafuata. Nunua droo kwanza, zote za aina moja, uzipime zikiwa na uzito ndani, ndipo ukate mbao. Ukianza na mbao, utazunguka soko zima la Arua ukitafuta beseni la kuingia kwenye tundu ulilokwisha kulichonga.

Plaiwudi ya milimita 18 inatosha, ila ipigwe vanishi isiyo na harufu kali na iachwe ikauke kabisa kabla mnyama hajaingia. West Nile, eneo hili lenye Arua na Koboko, ni nchi ya mchwa. Miguu ya kabati isimame ndani ya makopo yenye oili chakavu, na mgongo wake uachane na ukuta kwa kiganja kizima, kwa ajili ya mchwa na kwa ajili ya hewa. Droo zitobolewe matundu ya milimita 4 ubavuni, mistari miwili, kwa keekee au kwa chuma cha kulehemu risasi. Kingo za matundu zikwanguliwe kwa ndani, maana plastiki iliyoyeyuka huacha meno yanayochana magamba.

Sasa joto. Upande wa moto wa droo uwe nyuzi 31 hadi 32, upande wa baridi nyuzi 25 au 26. Wanaofuga kwenye nchi za baridi hupitisha kanda bapa ya umeme nyuma ya kila rafu, ikagusa sehemu ndogo tu ya sakafu ya droo kwa chini. Sehemu iliyobaki haipashwi kabisa. Kanda yenye upana wa sentimita 7 hivi hula wati 30 kwa mita, zaidi au pungufu kidogo. Hapa kuna mtego unaowangoja wanaotumiwa vifaa na ndugu walioko Marekani. Kanda ya huko imetengenezwa kwa volti 120. Uganda tunatumia 240. Volti zikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, na ile kanda ya wati 30 kwa mita inakuwa ya wati 120. Itaunguza plaiwudi kabla haijamfikia nyoka.

Na hata kanda ya volti sahihi isiwashwe bila kidhibiti joto. Wenyewe hukiita thamostati: kifaa kinachopima joto na kukata umeme likizidi. Kihisi chake kibandikwe juu ya kanda, chini ya droo, usikiweke ndani. Kikiwa ndani, nyoka atakisogeza au atakikojolea, nacho kitadhani kumekuwa baridi na kuzidi kuchochea moto. Kwa kuwa hewa ya moto hupanda, droo za juu daima zitakuwa na joto kuliko za chini. Pima ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha weka kihisi kwenye rafu ya juu. Afadhali wa chini apoe kidogo kuliko wa juu aungue.

Wengine watakwambia uachane na hayo yote, uweke balbu au jiko la makaa kama wafanyavyo wafugaji wa vifaranga. Balbu ndani ya droo humwangazia mnyama anayetaka giza na humchoma anapoizungukia. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua nyoka na mwenye nyumba pia.

Ila kitabu cha Mjerumani hakimfai mtu wa Koboko kwa sababu moja kubwa: huko shida ni baridi, huku shida ni jua. Arua iko juu ya mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa miezi ya mvua joto hushuka chini ya nyuzi 20. Chatu mwenye afya anavumilia saa kadhaa za namna hiyo, ingawa zikijirudia kila usiku huanza kukoroma kwa mafua ya mapafu, na akiwa ameshiba panya anaweza kumtapika. Lakini Februari, chumba cha mabati kisicho na dari hupita nyuzi 35 mchana, na kabati lililofungwa ndani yake hupita zaidi. Hakuna thamostati inayoweza kupoza. Inakata umeme tu, basi.

Kwa hiyo huku fundi aanze na chumba, kanda ije baadaye. Chumba cha matofali chenye dari, au nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi, joto lake huyumba kidogo kuliko la chumba cha mabati. Nyumba ya nyasi ndiyo inayokaribia shimo la udongo, nami ningeichagua, ilimradi nyaya zipite kwenye paipu na fyuzi iwe ndogo, maana nyasi kavu na waya mbovu havikai pamoja. Kiangazi hewa pia hukauka, ngozi ikabanduka vipande vipande badala ya kutoka nzima kama soksi. Kikasha kidogo chenye kitambaa kilicholowa, kikiwekwa upande wa baridi, kinamaliza tatizo hilo.

Umeme nao una historia yake hapa. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa. Ilitegemea jenereta, kisha bwawa dogo la Nyagak huko Zombo lenye megawati 3.5, lililoanza kazi mwaka 2012. Siku hizi gridi imefika, lakini umeme bado hukatika. Kabati la droo tano lenye kanda ya sentimita 40 kwa kila droo linahitaji wati 60. Likiwaka nusu ya muda kwa saa 12 za usiku, limekula wati-saa 360. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya kitabu, ila ukitaka isife mapema usitumie zaidi ya nusu, na inverta itakata chake. Inatosha usiku mmoja, wa pili ni kubahatisha. Usiku umeme ukikosekana, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo na kuwekwa chini ya droo inasaidia vizuri.

Kuhusu nyoka mwenyewe: kuchimba kichuguu na kumtoa si ufugaji. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inataka kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, na biashara ya chatu hawa kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa CITES. Pale Koboko, mipaka ya Congo na Sudan Kusini iko karibu kiasi kwamba mtu anaweza kuivunja sheria hiyo kwa bodaboda bila kujua. Ghana, Togo na Benin zimeuza chatu wa kifalme kwa maelfu, na nyoka huyu sasa amewekwa kwenye kundi la wanaokaribia kuwa hatarini. Kabati hili naliona linafaa kituo cha elimu kilicho na kibali, kinachopokea nyoka waliookolewa na kuwatenga kwa muda kabla ya kuwarudisha porini. Kwa mtu mwenye chatu mmoja halali, sanduku pana lenye pa kujificha ni bora kuliko droo.

Kwa vyovyote, kabati liwe na kufuli, kwa kuwa jirani akikuta nyoka uani hatauliza kama ana sumu. Na liwashwe tupu wiki nzima, kipimajoto kikiwa kwenye droo ya juu na kingine ya chini, visomwe saa tisa mchana na saa kumi na moja alfajiri. Kama limejengwa Agosti, lisipewe nyoka wa kudumu mpaka lipimwe tena Februari.