Dawa za kukinga VVU katika duka la mtaani

Mkazi wa mjini aumwapo kichwa, au mwanawe akishikwa na homa, mlango wa kwanza anaoubisha ni wa duka la dawa lililo karibu na nyumbani. Ndiyo sababu wataalamu wa afya wanauliza: mbona dawa za kukinga virusi vya Ukimwi, VVU, nazo zisipatikane hapo?

Nchini Kenya, vidonge vya kinga vijulikanavyo kama PrEP vilianza kusambazwa kitaifa mwaka 2017 kupitia vituo vya afya. Vikimezwa ipasavyo, hupunguza hatari ya kuambukizwa kwa njia ya ngono kwa takriban asilimia 99. Hata hivyo, wanaovihitaji si wagonjwa, na baadhi yao huona haya kupiga foleni katika kliniki ambako watadhaniwa kuwa wameambukizwa.

Kutokana na hali hiyo, watafiti, wakiwamo wa taasisi ya KEMRI, walifanya majaribio katika maduka ya dawa ya Kisumu na Thika. Mhudumu humhoji mteja kwa kufuata orodha maalumu ya maswali, kisha mteja hujipima VVU akisaidiwa. Akionekana hana virusi wala kizuizi kama maradhi ya figo, hupewa dawa. Penye shaka, daktari huulizwa kwa simu.

Kipimo hicho si urasimu. Dawa zilizomo katika vidonge vya PrEP hazitoshi kumtibu aliyekwisha kuambukizwa. Akizitumia peke yake, virusi vyaweza kuwa sugu. Kwa hiyo mtumiaji hupimwa tena kila baada ya miezi mitatu. Aidha, vidonge hivyo havizuii kaswende, kisonono wala mimba, hivyo kondomu ingali na kazi yake.

Faida ya duka la mtaani huonekana zaidi kwa dawa za dharura, yaani PEP, anazopewa mtu baada ya kubakwa, kupasukiwa na kondomu au kuchomwa na sindano yenye damu. Hizi sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na zimezwe kwa siku 28. Aliyepatwa na mkasa Ijumaa saa nne usiku, akisubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu saa mbili asubuhi, atakuwa amepoteza saa 58. Mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hizo zitolewe pia katika jamii, na wafamasia waruhusiwe kushiriki.

Yapo masharti, hata hivyo. Duka liwe limesajiliwa, mhudumu awe amefunzwa, pawepo chumba cha faragha, na bei isimshinde mwananchi wa kawaida. Bila hayo, ukaribu wa duka hautamfaa mteja. Nawe msomaji, usinunue dawa hizi kiholela wala kumeza za rafiki: pima kwanza.