"Although" na "Lakini": Madaftari ya Igowole

Katika mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya sekondari karibu na Igowole, wilayani Mufindi. Anayekijua kituo kile anaujua ukungu wake: asubuhi ya Julai humwoni mtu aliye hatua kumi mbele yako, na wachuma chai wanapita wamejifunika hadi puani. Somo langu lilikuwa Kiingereza, Kidato cha Pili. Siku ya pili nikakusanya madaftari, na sentensi ya kwanza kunikabili ikawa hii: "Although it was cold, but my mother went to pick tea."

Nikapiga mkasi. Daftari la pili, mkasi. Nilipofika la saba nikaweka kalamu chini. Watoto darasa zima hawawezi kukosea namna moja kwa uvivu tu, bwana. Lazima kuna sarufi inayowaongoza.

Na sarufi hiyo, ndugu msomaji, ni yetu sote. "Ingawa kulikuwa na baridi, lakini mama alikwenda kuchuma chai." Nani kati yetu hajapata kusema hivyo? "Ingawa" inamwandaa msikilizaji, "lakini" inamgeuza. Wapo wanaoikataza hiyo "lakini" hata katika Kiswahili. Mimi simo, maana naisikia kila siku kwa watu wasemao lugha yao vizuri kabisa. Kiingereza cha leo ndicho hakitaki. "Although" inaishusha sentensi yake iwe tegemezi. "But" inaunganisha sentensi mbili zenye hadhi moja. Huwezi kumfanya mtu mtumishi wa mwenziwe na papo hapo ukamwita mbia wake. Chagua moja.

Hapo ndipo vitabu vingi vya shule huishia, na hapo ndipo jambo linapoanza kunoga. Kiingereza hakikatazi kuukazia ukinzani mara mbili. Kinakataza kuukazia kwa viunganishi viwili. Ukiweka kielezi, mlango unafunguka: "Although it was cold, my mother still went." Hii "still" haiungi kitu. Inakaa karibu na kitenzi na kukirangi: alikwenda tu, liwalo na liwe. Hata "yet" inapita, ingawa leo inasikika ya kizamani kidogo. "Though" na "yet" zimefuatana mara nyingi katika Biblia ya Kiingereza ya 1611. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alitaka kusema jambo ambalo Kiingereza kinalisema. Alikosa kujua ni aina gani ya neno iliyopewa kazi hiyo.

Nadhani hili ndilo fundo lenyewe. Kazi ambayo Kiingereza hukigawia kiunganishi hapa, kielezi pale na kitenzi kule, Kiswahili mara nyingi huimalizia ndani ya kitenzi. "If it rains" ni maneno matatu. "Ikinyesha" ni moja, na lile sharti limo tumboni mwake. "Has not yet come" ni "hajaja". Tukiongeza "bado" ni kwa ajili ya mkazo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa mwaka 1967, anaingia sekondari akiwa na vitenzi vilivyoshiba. Anakutana na lugha ambayo vitenzi vyake ni vyembamba, lakini vimezungukwa na vijineno vyenye viti maalumu. Asipoonyeshwa viti hivyo atavikalia ovyo, halafu tutasema hana akili.

Chukua "always". Kwetu ni "hu-": mama huchuma chai. Kiingereza hukiweka kielezi hicho kabla ya kitenzi kikuu, "she always picks tea", lakini baada ya "is": "she is always tired." Kikiwapo kitenzi kisaidizi, kinajipenyeza baada yake: "she has always worked." Hayo yanakaririka. Tatizo ni msichana mmoja aliyetaka kumsifu mama yake akaandika: "My mother is always picking tea." Kanuni zote kazifuata! Ila Mwingereza akiisoma, mara nyingi atasikia manung'uniko, kama mtu anayesema "she is always borrowing my hoe", yaani kutwa ananiazima jembe, kanichosha. "Always" ikikutana na "-ing" huweza kubeba lawama hiyo. Sifa imegeuka shutuma bila neno moja kukosewa. Sisi tunaochambua wahusika tuliangalie hili: msimulizi wa riwaya ya Kiingereza anaweza kukwambia hampendi mtu kwa kitenzi na kielezi tu, pasipo kivumishi hata kimoja.

Lile swali maarufu la mtihani, "Rewrite beginning with No sooner", sitalikalia sana. Wengi tulilikariri kama kiapo. Hakuna aliyetuambia kuwa "sooner" ni neno la kulinganisha, na linadai "than" kama "bigger" inavyoidai. "Hardly" hailinganishi kitu, ndiyo maana yenyewe huchukua "when". Na kielezi cha kukanusha kikitangulizwa, kitenzi kisaidizi huruka mbele ya mtenda kama katika swali: "No sooner had she sat down than it rained." Kiswahili hakirukishi chochote: hajakaa vizuri, mvua ikanyesha.

Hiyo "ika-" ndiyo inayoniuma zaidi, maana hapa kosa si la watoto wa Igowole, ni letu wa chuoni. Bibi Ashton aliieleza "-ka-" katika sarufi yake ya mwaka 1944, na kila bibi anayesimulia karibu na moto anaitumia: alifika, akaketi, akanywa ulanzi, akaondoka. Kila tendo linaushika mkia wa lililotangulia. Mwingereza hana kitu hicho. Anapanga vitenzi kwa mkato na kuweka "and" moja mwishoni: "He came, sat down, drank and left." Sasa soma hadithi fupi zinazobandikwa kwenye mbao zetu: "Alifika, aliketi, alikunywa na aliondoka." Hiyo ni "and" ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Matendo yamelala kama orodha ya vitu vya kununua dukani, na mwandishi anashangaa kwa nini kisa chake hakiendi. Mtoto wa kidato cha pili tunampigia mkasi kwa kuingiza Kiswahili katika Kiingereza. Sisi tunafanya kinyume chake na tunajiita waandishi.

Nilirudi darasani na ile "although". Nikaandika ubaoni sentensi ya "lakini", ya "still" na ya "yet", nikaeleza kiti cha kila neno. Kijana wa nyuma akanyosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo 'yet' ni 'lakini' iliyopewa kibali?"

Darasa likacheka. Nikamwambia ndiyo, karibu hivyo, ila kwenye "not yet" kibali hicho hakitumiki. Akaliandika.

Mikasi niliigeuza kuwa nusu alama. Mwalimu mmoja wa pale aliyaona madaftari akaniuliza, kwa upole tu, kama msahihishaji wa Novemba naye atatoa nusu. Nikamjibu hatatoa. Wiki iliyofuata tukafanya "still" peke yake, vipindi vyote.